Jointi ya Upande wa Kulia

Mwanangu, kuna wiki moja ambayo hainitoki akilini, na kila nikiikumbuka nacheka kwanza ndipo nione haya kidogo. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, fundi katika gereji ya Mzee Otieno pale Kapkatet. Mzee alikuwa ametoka upande wa ziwa zamani sana, na alikuwa mtu wa maneno machache. Mimi nilikuwa na maneno ya kututosha sote wawili.

Siku hiyo alikuja Mwalimu Tapkigen, mama mpole aliyefundisha shule ya msingi karibu na Sosiot. Gari lake lilikuwa dogo, la kuvutwa na tairi za mbele. Akaanza kunieleza kwamba akikata kona kuingia kwake nyumbani anasikia kitu kinagonga, ta-ta-ta.

"Najua, Mwalimu," nikamkatiza. "Ni jointi ya shafti."

Shafti ni kile chuma kinachotoka kwenye giaboksi kwenda kuzungusha tairi, na jointi iliyo mwishoni mwake ndiyo inayoliwezesha tairi kukata kona huku likizunguka. Hapo sikukosea. Nilikosea kutouliza kona yenyewe ni ya upande gani. Nilikuwa nimetoka kutengeneza magari mawili ya namna hiyo, yote yakiwa na shida kushoto, basi nikaenda moja kwa moja kushoto. Nikafungua nati kubwa, nikachomoa shafti, nikagonga jointi ikatoka, nikatia mpya, nikajaza grisi na kufunga raba yake vizuri. Kazi safi kabisa, mwanangu, isipokuwa haikuhitajika.

Baada ya siku mbili akarudi kuniambia sauti bado ipo. Nilijua palepale nilichokuwa nimefanya. Lakini Mzee Otieno alikuwa amesimama karibu akifuta mikono, na juzi tu alikuwa amenisifu mbele ya wateja. Nikasema, "Ikiwa mpya hulia kidogo, Mwalimu. Itazoea." Akanishukuru, akaenda zake.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kuposwa binti yake. Mwalimu alikwenda Mogogosiek kuwachukua shangazi zake wawili, wazee ambao bila wao mazungumzo ya ukoo hayangeanza. Wakirudi, katikati ya mlima, mashamba ya chai pande zote, gari likatoa mlio mmoja mkubwa. Injini inanguruma, gia imeingia, lakini gari haliendi mbele, linarudi nyuma. Mwalimu akakanyaga breki, akavuta hendibreki, na mchuma chai mmoja akakimbia kuweka jiwe nyuma ya tairi. Dereva wa lori la majani ya chai akatuletea habari gereji.

Mzee Otieno akaniuliza nilibadilisha upande gani. Nikamwambia. Akauliza mwenye gari alisema ni kona ya upande gani, nami nikasema sikumwuliza. Akanipa jointi mpya, jeki na sanduku la spana, akasema niende peke yangu.

Njiani nilijipangia maneno mengi kuhusu barabara mbovu. Nilipofika nikawakuta shangazi wameketi kwenye nyasi na leso zao mpya, wamefungua kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kilichokuwa cha wageni na kuwagawia wachuma chai, wote wanacheka. Kisha nikaliona lile jiwe nyuma ya tairi. Maneno yangu yote yakaisha.

"Mwalimu, kosa ni langu," nikasema. "Nilifungua kushoto, ugonjwa uko kulia. Uliporudi nilijua, nikakudanganya."

Akawatazama shangazi zake. "Kosa la kwanza ningekuwa nimeshalisahau. Hata mimi husahihisha daftari vibaya. Lakini nilikuuliza, ukaniambia itazoea. Nikakuamini, nikawapakia hawa."

Hakuinua sauti. Afadhali angenigombeza.

Nikaingia chini ya gari. Jointi ilikuwa imepasuka na gololi zake za chuma zimetawanyika. Shangazi mkubwa akaokota moja, akauliza kama kitu kidogo hivyo kinaweza kuchelewesha posa. Nilipokuwa nikifunga, ndipo nikamwuliza Mwalimu kona ya kwake inakata wapi. Kushoto, akasema. Gari likikata kushoto, tairi la kulia ndilo linalobeba mzigo mkubwa. Swali moja tu lingetosha.

Gari likaondoka kimya. Shangazi wakakataa niachwe barabarani, wakanibana katikati yao na grisi yangu yote. Tulipofika nyumbani kwa Mwalimu, mkubwa akawatangazia wageni kwamba huyu ndiye aliyewakwamisha na ndiye aliyewakwamua, basi apewe nyama. Nikala nikiwa nimeinamisha kichwa, na nyama ilikuwa tamu.

Mwanangu, nawe sasa unaanza kazi, na mashine za kupimia magari zipo. Hata hivyo, mwache mwenye gari amalize kusema kabla hujagusa spana, kwa kuwa yeye ndiye anayeliendesha kila siku. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, gari likiwa bado limesimama gerejini. Aibu yake ni ya dakika chache. Ukinyamaza, mtu mwingine ndiye atakayebebeshwa kosa lako bila kujua.

Mungu akupe mikono yenye ujuzi na ulimi usioogopa ukweli. Kila unayemfungia gari afike salama kwa watu wake, na jina lako litajwe kwa furaha mezani kwao.