Nilivyobeba Inzi Hadi Mbulu Kutafuta Samaki wa Mafuriko

Niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine: nilikamata inzi kwenye zizi la ng'ombe, nikawafunga kwenye kopo, nikasafiri nao kutoka Basotu mpaka milima ya Mbulu. Inzi kweli, wale wa kwenye mavi. Nilipofungua kopo mbele ya watu wakaruka wote, mmoja akaniingia mdomoni. Basi, aibu imeshatoka. Sasa nieleze taratibu.

Wakati ule nilikuwa napaka grisi kwenye karakana ya mashamba ya ngano. Shule niliachia darasa la sita, hesabu za sehemu ndizo zilinifukuza. Kazi yangu ilikuwa kulala chini ya kombaini, ile mashine kubwa ya kuvunia, na nilichokuwa nataka duniani ni kukaa juu yake. Fundi mkuu wetu, mzungu tuliyemwita Bwana Toma, alijua hivyo. Yeye ndiye aliyemwaga samaki wadogo wa kwao, wanaitwa trauti, kwenye kijito cha baridi kule Mbulu, pembeni ya msitu. Akipata nafasi anakwenda kuwavua. Mwaka huo mvua ilipitiliza, tukasikia kijito kimefurika vibaya. Mavuno yamekaribia, kombaini mbili ziko wazi matumbo nje, hawezi kuondoka. Akaniita.

"Wewe kwenda. Angalia samaki iko ama hapana. Wewe leta habari ya kweli, mimi weka wewe juu ya kombaini, mavuno hii."

Sikusikia tena kitu kingine. Akanipa fimbo ndefu ya kuvulia na kopo dogo la bati. "Inzi iko ndani. Kumi na mbili. Bila inzi, trauti hapana kula."

Asubuhi ya kuondoka nilipitia kwa kina Gidamis, mwenzangu wa kupaka grisi, Mmang'ati ambaye boma lao liko pembeni kabisa, ng'ombe zao wamebakiwa na njia nyembamba kati ya ngano na ngano. Hapo nikafungua kopo. Ndani kuna vijinyoya vimefungwa na uzi kwenye vipande vya waya. Nikasema masikini Bwana Toma, inzi wake wamekufa, wamekauka, yamebaki manyoya. Sikujiuliza hata kidogo inzi ameota manyoya lini. Nikavimwaga kwenye miiba ya zizi, halafu kwa roho nzuri tu nikamkamatia wapya kumi na wawili, nikatoboa kifuniko kwa msumari wapate hewa.

Gidamis akaniangalia. "Unafanya nini na inzi wangu?"

"Ni kazi ya ofisi," nikamwambia.

Njiani mpaka Dongobesh nilipanda lori la magunia. Barabara ilikuwa uji mweusi, mara tunasukuma, mara tunasukumwa. Mama mmoja aliyekaa karibu yangu akatega sikio.

"Kijana, kopo lako linalia nini?"

"Inzi, mama."

"Unawauza?"

"Hapana. Nawapeleka Mbulu."

Akalitazama kopo tena. "Kwani Mbulu wameisha?"

Lori zima lilicheka mpaka dereva akasimama kuuliza. Dongobesh nililala kwa shangazi, nikawapa inzi kipande cha ugali. Asubuhi wawili wamekufa. Niliumia kama mfugaji.

Siku ya pili mchana nilifika kwa Mzee Tluway, mlinzi wa kijito. Alikuwa amesimama kwenye shamba la maharage la mkewe, Mama Bura, maji yamekata shamba katikati.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umetumwa na yule wa samaki? Karibu. Kijito ulichoambiwa kilikuwa pale." Akaonyesha mawe makavu. "Siku hizi kinapita hapa kwetu. Hakikupiga hata hodi."

Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Majirani wakaja kuona mvuvi. Nikasimama kama nilivyomwona Bwana Toma akisimama, nikafungua kopo, na yaliyotokea nimeshawaambia. Mzee Tluway alinigonga mgongoni mpaka nikatema.

"Sisi tunafukuza inzi," akasema. "Nyie kule Basotu mnafuga?"

Nikaazima ndoano tupu kwa jirani mmoja, nikarusha, nilichovua ni shati langu mwenyewe. Basi nikaamua kuuliza tu, na hapo ndipo kichwa kilipovurugika kabisa. Mzee Tluway anasema samaki wameisha, maji yamewabeba wote bondeni, na waliobaki hawawezi kuona chakula kwenye tope. Tena mchanga umefunika kokoto walikokuwa wanataga. Mama Bura anasema hawajaisha, yeye mwenyewe ameua wawili kwa jembe kwenye maharage.

"Nyoka wafupi, wana madoa," akasema. "Nikawafukia. Kuna mtu anakula kitu kama kile?"

Jirani naye anasema wote wawili hawajui, wakubwa wamepanda juu kwenye miamba ya msituni, huko maji yalishakuwa safi. Watu watatu, majibu matatu, na kila mmoja ameapa. Mafuriko yameua samaki, au yamewahamisha, au yamewapandisha? Mimi wa darasa la sita nichague lipi?

Kesho yake nilipanda mpaka kwenye miamba. Maji yalikuwa safi kweli, lakini nilitazama mpaka shingo ikauma, sikuona hata mkia. Nikarudi chini nimenyong'onyea. Mama Bura akaniita na karai.

"Mwanangu, hapa maji yameacha dimbwi, limejaa viluwiluwi. Nataka kulima. Usiviulie shambani kwangu, vipeleke huko juu vilikotoka."

Nikavichota, nikapanda navyo, nikamwaga kwenye maji safi chini ya mwamba. Nikarudia mara ya pili, maana kwa mama mwenye jembe huwezi kubisha.

Njia yote ya kurudi nilikuwa nagombana na nafsi yangu. Nikisema samaki kumi wakubwa nimewaona, nani atapanda kuhesabu? Nikawaza kiti cha kombaini, usukani wake, vumbi la ngano likiwa chini yangu badala ya puani. Mpaka nashuka Basotu uongo ulikuwa umeshaiva. Lakini Bwana Toma alinitazama machoni, mikono imejaa oili, amesahau hata kuishusha. Nikashindwa.

"Bwana, samaki sijaona. Hata mmoja. Nimeona viluwiluwi tu, nikavihamisha."

"Viluwiluwi iko miguu?"

Nikafikiri. "Hapana. Vina madoa ubavuni, kama mtu amevishika na vidole vyenye grisi."

Alinikumbatia na oili yake yote. "Hiyo watoto ya trauti! Mama yao nataga kabla ya mafuriko!" Akacheka, akafuta macho, nikaanza kucheka na mimi bila kuelewa vizuri. Halafu akanyoosha mkono. "Na inzi yangu?"

Nikamweleza nilivyovimwaga zizini, na hapo ndipo nilipojua. Vile vijinyoya ndio inzi wenyewe, wa kumdanganyia samaki, na alikuwa anavifunga mwenyewe, kimoja kimoja, kwa miwani, na kila kimoja kina ndoano. Akafuta oili mikononi, kidole kimoja kimoja. Halafu akasema, "Inzi kumi na mbili, halafu kombaini."

Gidamis aliposikia kuna ndoano kumi na mbili zizini kwake, sirudii maneno yake hapa. Alitoa ng'ombe wote, akachunguza kwato moja moja, na siku tatu tulipiga magoti pamoja tukichambua mavi na miiba. Tukapata kumi na moja. Wa kumi na mbili hayupo. Nilikuwa nimeshauaga usukani, Gidamis alipokaa chini, akanyanyua mguu, akachomoa kitu kwenye soli ya katambuga yake. Kijinyoya chekundu.

Akanishikisha mkononi.

"Samaki waliochukuliwa na mafuriko umewaokoa ukidhani ni viluwiluwi," akasema. "Inzi wasio na bawa hata moja umewatupa ukidhani ni takataka. Sasa unapanda kombaini. Nakuomba kitu kimoja tu, ndugu yangu: ukifika kwenye njia yangu, shuka kwanza uulize. Usije ukavuna ng'ombe zangu ukidhani ni ngano."