Mwiba wa Jichoni

Picha iliingia kwenye simu nikiwa dukani kwangu Migori, nampimia mteja kitambaa. Aliyeituma ni mke wa kaka yangu, anayeishi na mama kule Lambwe. Mama alikuwa akiziba ua kwa matawi ya miiba, tawi moja likachomoka likamchapa usoni. Jicho jekundu lilijaa skrini, na kitu cheusi chembamba kama sindano.

Niliituma kwa daktari wa macho wa Homa Bay aliyewahi kunitibu. Alikuwa mgeni, Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Akajibu kwa Kiingereza kwamba picha ina ukungu, nimweleze ninachokiona.

Nikaandika kuwa mwiba uko "on" jicho. Nikafuta. Nikaandika "in". Nikafuta tena. Kama umelala juu tu, angesema waoshe kwa maji. Kama umezama, maji na vidole vingeweza kumpofusha mama. Shuleni, kuchanganya maneno hayo kuliniharibia alama tu.

Nikampigia wifi. Yeye Mkuria, mimi Mjaluo; tunaelewana kwa Kiswahili.

"Wifi, mwiba uko wapi hasa?"

"Uko jichoni."

"Jichoni ndani ama juu?"

"Jichoni, wifi! Si nimekutumia picha?"

Nyuma yake nilimsikia mama akiomba maji anawe uso.

"Usimpe! Mshike mikono. Mwambie aangalie kulia, pole pole. Mwiba unabaki ama unaenda na jicho?"

Nikamsikia akimwelekeza mama. Mteja wangu alikuwa bado ameshikilia ncha ya kitambaa.

"Unaenda nalo," wifi akasema.

Nikaandika "in", na kwa kuwa sikujiamini, nikaongeza kwamba jicho likigeuka, mwiba unageuka nalo. Jibu lilikuja haraka: wasiguse, wasioshe, wafunike kwa kitu kisichogusa jicho, waje sasa hivi.

Nilifunga duka nikaondoka. Njia nzima hadi Homa Bay nilikuwa nikifungua ule ujumbe na kuusoma, nikiogopa kwamba kidole kilibonyeza neno lile lingine.

Mama nilimkuta kwenye benchi la hospitali, kikombe cha plastiki kimefungwa kwa leso juu ya jicho, amekasirika kwamba ng'ombe wake ameachwa mikononi mwa wageni.

Mwiba ulitolewa jioni ile. Jicho linaona, ingawa mama husema watu wakija kwa upande huo huwa wamezungukwa na moshi.