Sauti Iliyoamsha Soko

Natamani ningekataa kupiga nduru siku ile. Mwigizaji wa filamu za vijana wa mtaa wetu, aliyekuwa jirani yangu hapa Makadara, amefariki baada ya kuugua, na tangu nilipopata habari sijapata usingizi wa maana.

Wengi mlimwona akiwa mchungaji laghai, jini, askari katili, na katika ile ya vichekesho, mama mkwe mwenye buibui. Hakubagua kazi. "Mzee wangu, nikizoea sura moja nimekwisha," aliniambia. Kisha akapewa sehemu ya mwizi. Mwelekezi alitaka kuificha kamera nyuma ya magunia ya kabeji, jirani yangu anyakue mkoba sokoni, nami nipige nduru.

"Watu wameambiwa?" nikauliza.

"Tukiwaambia wataanza kuigiza. Ukipiga wewe, mzee, watakuamini," mwelekezi akajibu.

Jirani yangu alinitazama. "Ukikataa tutaacha. Sema wewe."

Nilikubali, kwa sababu nilitamani kuonekana kwenye filamu. Alipochomoka na mkoba nikapaza sauti, "Mwizi! Mwizi!" Wachinjaji wakaacha nyama, wabeba mizigo wakatupa magunia. Walimwangusha kabla hajafika barabarani.

"Ndiye yule wa juzi! Leteni mawe!"

"Ni filamu, jamani!" mwelekezi alilia.

"Filamu ya nani? Na wewe ni mwenzao!"

Mimi niliyeaminiwa nilisimama pale, nisimwambie yeyote kuwa ni mchezo. Aliyemwokoa ni muuza mboga, aliyejipenyeza na kuuona uso wake. "Ngai! Si huyu ni mama mkwe wa ile sinema? Mwacheni, nyinyi! Mtamuua mama mkwe!" Mtu mmoja akacheka, na mkono uliokuwa na jiwe ukashuka. Lakini mguu ulikuwa umeshavunjika, na haukupona sawasawa.

Katika safu hii nimewakemea mara nyingi wanaoua kwa kusikia neno moja tu. Sasa najua kwamba umati hauanzi na wenye mawe. Huanza na mtu mmoja anayeheshimika, ambaye hakuna anayefikiria kumuuliza ameona nini. Anayeaminiwa na watu aichunge sauti yake, hata kwenye mchezo.

Aliendelea kuigiza, ila sehemu za kukaa tu. Nilipokwenda kumwomba radhi alisema, "Kupiga nduru sikulaumu, mzee. Mbona ulinyamaza?" Alihamia Baba Dogo bila kuniaga, na hadi kifo chake hatukuzungumza tena. Nilipoteza rafiki wa pekee niliyempata uzeeni.