Ufunguo wa Akiba

Mtunza funguo wa bweni hukaa dirishani, miguu yake juu ya ndoo iliyopinduliwa, maana magoti yamemchosha kuliko kazi. Hakuna mwanafunzi anayepewa ufunguo wa chumba kabla ya kumwonyesha kwenye simu kwamba amemaliza lile somo la mtandaoni la ridhaa na kuheshimiana. Huipokea simu kwa mikono miwili, huisogeza mbali na macho, husoma jina polepole, kisha huguna, "Haya, mwanangu." Wengi hulimaliza somo papo hapo kwenye foleni huku wakipiga soga, naye huwasikia.

Jana mchana kijana mmoja aliinama dirishani akitabasamu. "Mama, naomba ufunguo wa akiba wa chumba cha mpenzi wangu. Nataka kumshtukiza."

"Mwenyewe yumo?"

"Yumo, hapokei simu tu. Mama, mbona mimi mtu mzuri! Somo nimepata mia kwa mia, ona."

Akaona. Mia kwa mia kweli. Akashusha mguu mmoja, halafu wa pili, akatia ufunguo mfukoni na kupanda ghorofa tatu akishikilia ukuta. Aligonga mlango taratibu, akauliza, akajibiwa bila mlango kufunguliwa.

Aliposhuka, kijana alikuwa ameshakinga kiganja.

"Amesema hapana."

"Lakini mama, ni mimi!"

"Nilimwambia ni wewe."

Akautundika ufunguo kwenye msumari wake, akakaa, akarudisha miguu juu ya ndoo. "Simu," akamwambia aliyefuata, akanyoosha mikono miwili.