Siku Niliyoziba Pumzi ya Bomba

Wenzangu mliokulia Changamwe, mnalikumbuka lile bomba la mkoloni? Lile la chuma lililoshuka kutoka milima ya Shimba, likapita nyuma ya nyumba zetu, nene hata mtoto hamalizi kulikumbatia. Tulilitembea juu kwa juu tukitoka shule, mikono tumeitanua, na anayeanguka anabeba mabegi ya wote. Adhuhuri chuma kilichoma nyayo. Asubuhi kilitoka jasho, tukalaza mashavu juu yake tukasikia maji yakinguruma. Watoto wa leo mashavu yao wanalaza wapi? Kwenye simu.

Mimi shule niliiacha darasa la sita, na sioni haya kusema. Lakini kuhusu bomba lile, mhandisi mwenye vyeti ukutani aje tuketi. Halikuwa na pampu. Waliolijenga walipima miteremko, wakaacha maji yajiendee: yashuke bondeni, na uzito wa yale yanayofuata uyapandishe kilima cha pili. Maungio yalizibwa kwa katani na risasi iliyoyeyushwa. Baba alikuwa mlinzi wa laini, yaani njia nzima ya bomba. Aliweka ncha moja ya fimbo juu ya chuma, nyingine sikioni, akakwambia panapovuja.

"Tone ni tone," alikuwa akisema. "Ukiliona, lizibe, usingoje kuitwa."

Basi mimi, na miaka yangu kumi na kujiona kwangu kote, nikakuta kilimani kofia ya chuma juu ya bomba, ina kitundu kinafoka, fsss, fsss, na kutema matone. Nikasema leo nitamfaa baba. Nikachonga kigingi cha mwarobaini, nikakizungushia katani ya baba, nikagonga kwa jiwe mpaka kitundu kikanyamaza. Nikarudi nyumbani kifua mbele. Nilitaka agundue mwenyewe, anisifu.

Siku ya tatu mifereji ya mtaa ikawa inakohoa tu. Kina mama wakapanga ndoo mlangoni kwetu.

"Maji umeyapeleka wapi, mzee? Umeoa mke wa pili Mazeras, unamchotea?"

Watu wakacheka, baba hakucheka. Msimamizi wake alikuwa amekwisha kumwambia, mbele ya mama, kwamba asipopata tatizo hadi jioni, kesho arudishe koti na ufunguo wa nyumba. Nyumba yenyewe ilikuwa ya kazi. Mama alianza kukunja mashuka.

Nikamfuata baba kwenye laini. Alisikiliza kila mahali, uso umemkauka. "Kuna upepo umekwama," akasema. "Na kilimani nimeuwekea mlango wa kutokea. Sielewi."

"Baba, ule mlango nimeuziba mimi."

Hakunipiga. Alipanda, akang'oa kigingi, na bomba likashusha pumzi ndefu kama fahali aliyetua mzigo.

"Hili halikuwa likivuja, mwanangu. Lilikuwa likipumua. Maji hubeba upepo. Usipoutolea njia, unakaa kileleni unalikaba koo. Kabla hujaziba, sikiliza."

Jioni msimamizi alipofika, baba alitaka kusema kosa ni lake. Nikamtangulia: "Ni mimi, bwana." Yule bwana akakigeuzageuza kile kigingi. "Mafundi wangu hawazibi imara hivi," akasema, akaondoka bila kuchukua koti. Mama akayakunjua mashuka, na mimi tangu hapo kila Jumamosi nikawa na baba kwenye laini. Hicho ndicho chuo changu.

Leo nina malori manne ya maji na ghorofa Mikindani, nimejenga kwa mikono hii, sikurithi hata msumari. Kijana akikuta mfereji umekauka hajiulizi maji yamekwama wapi. Ananipigia simu, napeleka, tunaagana. Wakati wetu mtaa mzima ungetoka na ndoo kudai. Baba hakuwa na hata baiskeli, na watu walikunywa. Mimi nina malori, na watu wana kiu. Basi kuna asubuhi lori langu linamwaga maji kwa jirani anayekaa hatua ishirini tu kutoka bomba lile, sasa kavu, ananishukuru mikono miwili, nami natazama pembeni, maana pa kusikiliza napajua na sijaenda.