Tochi Niliyoifunga Kwenye Bunduki

Ndugu zangu wa Kimaka, hamjambo? Mguu wa mama umepona?
Sisi hapa Mbale tunapumua kwa neema ya Mungu tu, maana leo nimemwelekezea mke wangu bunduki.

Ngojeni, msinihukumu bado.

Mnajua nalinda ghala la kahawa. Asubuhi nimefunga tochi kwenye bunduki kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Ile kubwa ya betri tatu ilivuta mtutu chini, nikachukua ndogo ya betri mbili.

Mwenzangu Opio akasema, "Swichi weka karibu na triga, afande. Kidole kimoja, kazi mbili!"
Nikakataa. Nikaiweka mbele, chini ya kidole gumba cha kushoto.

Nikaingia ghalani kuijaribu, maana humo hata mchana ni giza tupu.
Nikasikia magunia yanasogea.
Mwizi!
Nikabonyeza swichi kwa nguvu zangu zote.

Mwanga ukamkuta mama watoto. Alikuwa amepitia mlango wa nyuma kuniletea chakula. Mtutu ulikuwa kifuani pake.
Na risasi zilikuwa ndani, ndugu zangu.

Akaniangalia. "Kama hutaki muhogo, bwana, si useme tu?"

Nikacheka, halafu nikakaa juu ya gunia nikalia.

Tochi nimeifungua. Ukimulika mtu kwa tochi ile, tayari umemlenga.

Ninyi mnaolinda huko, mnaifunga au mnaishika mkononi? Nijibuni upesi, tafadhali.