Kungumanga ya Mavyaa

Rukaya alikuwa amefikia uchovu wa kusalimiwa akasahau kuitikia. Mteja aliomba chumvi, yeye akashika shanga. Wateja walicheka, naye hakuwa na nguvu ya kucheka nao.

Duka lao lilikuwa Murongo, juu kidogo ya kivuko cha mto Kagera. Zama hizo za utawala wa Mdachi, mumewe Zubeiri alikuwa amepeleka ngozi Bukoba na wapagazi, na safari ile ilikuwa imechukua muda mrefu kuliko kawaida. Nyumbani walibaki wanawake wawili: Rukaya, na mavyaa wake Bi Mwanamisi, mzaliwa wa Pangani, aliyevunjika nyonga wakati wa masika na tangu hapo hakuinuka kitandani.

Mchana Bi Mwanamisi alikuwa mtu wa maneno matamu, na majirani walipenda kuja kumjulia hali. Usiku hakulala. Aliita ageuzwe, aliita apewe maji, alieleza harusi za watu waliokufa zamani, halafu akaita tena. Rukaya aliinuka kila alipoitwa. Hakuomba msaada, kwa kuwa aliona aibu watu wa mtaa waambiwe kwamba mkazamwana kutoka Pwani ameshindwa kumwuguza mama wa mumewe.

Katika kopo dukani, pamoja na iliki na karafuu, kulikuwa na kungumanga. Waliokosa usingizi walikuja kununua, na Rukaya aliwauzia kwa maelezo aliyopewa na mama yake. Ukwangue unga kidogo, wa kukaa juu ya ukucha, utie katika maziwa ya moto, unywe, ungoje. Haifanyi kazi upesi, kwa hiyo usiongeze. Asinywe mwenye mimba, asinywe aliyetoka kunywa rubisi, pombe ya ndizi, wala asipewe mzee aliyedhoofika. Alikuwa ameyasema mara nyingi hata hakuyasikia tena.

Siku ile, baada ya magharibi, alikwangua kungumanga katika maziwa, akatia asali, akampelekea mavyaa wake bila kumwambia ni nini. Bi Mwanamisi alisifu utamu. Mpaka isha alikuwa bado macho, ameanza harusi ya shangazi yake. Rukaya, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaambia watu wangoje, hakungoja. Alikwangua tena, safari hii bila kupima, akampa. Kisha akajitupa kwenye mkeka, akalala fofofo.

Kilichomwamsha ni jua lililokwisha kuingia ndani na ukimya wa kitanda cha mavyaa wake. Bi Mwanamisi alilala mdomo wazi, uso umemwiva, midomo imekauka. Rukaya alimwekea mkono kifuani na kukuta moyo unakwenda mbio. Alimtikisa. Mzee alifumbua macho mekundu, akamwita kwa jina la dada yake aliyezikwa Pangani, akayafumba.

Jirani yao Kokugonza, mke wa mpiga kasia wa kivukoni, aliingia kusalimu kama alivyozoea. Alitazama kitandani, akarudi nyuma mpaka mlangoni. Alisema neno moja tu, malale, akaondoka haraka.

Rukaya alielewa. Ugonjwa huo ulikuwa umeua watu kandokando ya ziwa, na amri ilikuwa imetoka kwamba yeyote anayesinzia mchana na kupotewa na akili atajwe kwa mkungu, mkuu wa kijiji, naye apelekwe kwenye kambi ya waganga wa Kizungu. Kaka yake Kokugonza alipelekwa, hakurudi. Mwanamke mwenye nyonga iliyovunjika, akibebwa kwa machela kupita vilima vyote vile, asingefika.

Mkungu Bagenyi alikuja na fimbo yake, Kokugonza nyuma yake. Aliuliza mzee ameanza lini kulala mchana. Rukaya aliona wazi yaliyo mbele yake. Akinyamaza, mavyaa wake atachukuliwa na hakuna atakayejua. Akisema, nani atanunua tena hata pilipili kwa mwanamke aliyemlevya mama wa mumewe? Na Zubeiri akirudi, atamwambia nini?

"Si malale," alisema. "Ni mimi nimempa dawa."

"Dawa gani?"

"Ya usingizi. Hii tunayouza. Nilimpa, nikaona halali, nikamwongeza."

Bagenyi alichukua kopo, akanusa. "Ulitaka alale mpaka lini?"

"Mpaka asubuhi. Nilitaka na mimi nilale."

 Kokugonza alikuja akaketi ukingoni mwa kitanda, akauliza tangu lini bibi huyu halali usiku. Alipojibiwa, alianza kuwataja wageni wa jana: yeye mwenyewe asubuhi, mke wa mfinyanzi, mabinti wa kivukoni, shemeji yao jioni. Kila mmoja alikuwa amempa mgonjwa amwani, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo hapa Karagwe hutafunwa na mgeni na mwenyeji. Kuikataa ni kumkataa aliyeitoa. Bi Mwanamisi, mwenye kujivunia adabu zake, hakukataa hata moja. Kwa kuwa hakuwa na meno, alizimumunya taratibu kutwa nzima.

"Na nyingine unampa wewe," Kokugonza alisema. "Unataka bibi wa watu alale na kahawa yote hiyo tumboni?"

 Kwao Rukaya, huko Pwani, kahawa ilikuwa kitu cha moto katika kikombe kidogo, na mavyaa wake hakuinywa. Hizi za kutafuna alizihesabu pamoja na karanga na tende.

Bagenyi alisema atangoja mpaka jua litue. Mzee asipoamka na akili zake, amri ni amri. Walimlaza ubavu, wakamlowesha midomo kwa kitambaa. Kokugonza alitaka wammiminie kahawa ya moto imwamshe, Rukaya akakataa. Mtu asiyeamka vizuri, alisema, hamiminiwi kitu, atapaliwa. Duka lilibaki limefungwa.

Alasiri Bi Mwanamisi alikohoa, akafumbua macho. "Maji. Nani kanijaza pamba mdomoni?" Alipokwisha kunywa alimtazama Bagenyi. "Na huyu kaja kuniposa?"

"Shikamoo, mama," alisema Bagenyi, na akamwuliza jina lake na mahali alipo.

"Marahaba. Mwanamisi, na niko Murongo kwa mwanangu Zubeiri. Posa haianzi na maswali, baba."

Bagenyi alichukua fimbo yake akaenda zake.

Rukaya alimweleza mavyaa wake yote, kopo mkononi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniambia tu nanywa nini," alisema. "Haya, na leo utanipa?"

"Sikupi."

"Mchoyo."

Jioni Kokugonza alirudi na mkeka wake. Hakuomba ruhusa. Alisema usiku huu atakaa yeye, kesho watapanga na wengine, na Rukaya akalale stoo. Rukaya alianza kukataa, akaona hana hata nguvu ya kukataa.

Alilala kati ya marobota ya ngozi. Nyuma ya ukuta aliwasikia wakizungumza, Kiswahili cha Pwani upande mmoja, Kinyambo upande wa pili. Mzee alidai amwani moja tu. Kokugonza alimwambia angoje mpaka kesho asubuhi, na iwe moja kweli. Rukaya alingoja waite jina lake. Hawakuliita, na bado alikaa macho muda mrefu, akingoja.